Springi Fupi Katika Njia ya Buswelu

Ndugu madereva wenzangu, na ninyi kina mama mliokaa kule nyuma, nimesimama kwa sababu katibu wa chama chetu amenibana niseme neno. Habari hii kila nikiisimulia naona kinyaa.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeendesha Musoma, Shinyanga, mpaka Bukoba, enzi zile magari yalisimama juu, unavuka kijito na miguu mikavu. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru nilikuwa naendesha teksi ya tajiri mmoja wa hapa mjini. Jina lake nalimeza. Tajiri huyu alikwenda Nairobi akaona magari yaliyoshushwa yakalala karibu na ardhi, akarudi na springi fupi zilizopakwa rangi nyekundu. Fundi wa Mkuyuni akazifunga. Kuku hakuweza kupita chini ya gari lile.

“Mzee,” nikamwambia, “njia ya Buswelu ni ya mikokoteni ya ng'ombe. Magurudumu yamechimba huku na huku, katikati limebaki tuta. Gari litalalia tumbo.”

“Wewe shika usukani,” akasema akinipa ufunguo. “Mambo ya kisasa niachie mimi.”

Wiki ile ile akanituma Buswelu kumchukua bibi harusi, nimpeleke Pasiansi kwa mumewe. Alikaa nyuma na shangazi yake. Mvua ilikuwa imenyesha, na ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamepita asubuhi. Mnajua ng'ombe huacha nini njiani. Tulipofika kwenye tuta, gari likakaa juu yake, magurudumu yakazunguka bure. Kizibo cha sakafu kikang'oka, na uji wa tope na mavi ukasukumwa ndani, ukajaa kwenye viatu vyeupe vya bibi harusi.

“Dereva!” shangazi akapiga kelele. “Hili ni gari au pantoni?”

“Mama, ni hizi springi...”

“Springi ndizo zinanuka hivi?”

Bibi harusi aliingia Pasiansi juu ya mkokoteni wa kuni, analia.

Ndugu zangu, nawaambia, kilichonitia kinyaa zaidi si mavi yale. Tajiri alitangaza mji mzima kwamba nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye hata pombe ya harusi sionji! Hakuna aliyenipa gari tena. Nikaishia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, nabeba magunia ya dagaa, maji yaliyooza yakinichuruzika shingoni, nzi mdomoni. Madereva niliowafahamu walipita wamepandisha vioo. Baadhi yenu mmo humu. Haya, tuendelee.

Siku moja mwanamke akasimama mbele ya gunia langu.

“Si wewe dereva wa pantoni?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Siku ile ulikuwa umelewa?”

“Hapana, mama.”

“Najua. Nilikaa nyuma yako, na pua ninayo.”

Shangazi yule akakusanya wazee wa pande zote mbili za harusi, wakanichukua tukamfuata tajiri dukani kwake.

“Baba, unasema gari lako halina kasoro,” akamwambia. “Basi tupeleke Buswelu. Ushike usukani mwenyewe.”

Angekataaje mbele ya wateja? Akawasha. Wazee wengine wakatangulia kwa baiskeli. Pale pale kwenye tuta gari likalalia tumbo. Akakanyaga mafuta mpaka moshi ukatufunika, kisha akashuka na viatu vyake vya rangi mbili, akazama kwenye mavi hadi kifundoni.

“Baba,” shangazi akauliza taratibu, “na leo nani amelewa?”

Hakuniomba radhi. Watu wa namna ile hawaombi. Lakini wazee walirudi mjini wakasema walichokiona, na haukupita muda mwenye lori mmoja akaniita. Uhuru ulinikuta nimeshika usukani.

Namshukuru mama yule, na wazee wale, na mwenye mkokoteni. Nawashukuru wabebaji wa mwaloni walionimegea ugali wao wakati mimi nawaonea kinyaa.

Na ninyi vijana mnaotafuta kazi: tajiri akikupa gari lililoshushwa, muulize litapita njia gani. Akikujibu kwamba hiyo si kazi yako, weka ufunguo juu ya meza yake, uondoke. Mimi niliuchukua.