Mama Edvina na Umeme Unaojificha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika kampuni yetu ya mafundi umeme hapa Bukoba, Mama Edvina Byarugaba anastaafu. Alianza kwa kutandaza nyaya kwenye nyumba mpya, lakini jina amelijenga kwa kufuatilia zile hitilafu zinazotokea na kutoweka kabla fundi hajafika.

Sisi wengine tukikuta taa zinawaka, tulifurahi na kuondoka. Yeye alivuta kiti. Aliuliza hadi wenyeji wakacheka: taa ilififia au iling'aa zaidi? Jirani naye aliona? Kisha alifunga kwenye ubao mkuu wa umeme kifaa chake cha kurekodi volti, akakiacha kiangalie wakati yeye hayupo.

Wengi tunakumbuka kituo kimoja cha afya nje ya Kamachumu. Mashine ya kuwapasha joto watoto njiti ilikuwa ikizimika ghafla, na jokofu la chanjo lilikuwa limeshaungua. Lawama zilimwangukia Mzee Rutaihwa, mwenye kinu cha kukoboa kahawa jirani na hapo. Ilisemekana mota yake inanyonya umeme wote. Kikao kiliitishwa ili akatiwe umeme, tena katikati ya msimu wa kahawa. Mzee aliacha hata kwenda misa, akiepuka macho ya watu.

Mama Edvina aliomba arekodi kwanza. Grafu ilimshangaza: volti za njia moja ya umeme zikiporomoka, za njia nyingine zilipanda, hata Jumapili kinu kikiwa kimefungwa. Kosa halikuwa la mota. Alifungua ubao wa kituo chenyewe, akakuta skrubu ya nyutro, waya unaorudisha umeme na kusawazisha njia hizo, imelegea na waya umeungua, unagusa na kuachia.

Kikaoni, Sista Annastella, mkuu wa kituo, alisimama mbele ya wote.

"Baba, tulikukosea. Tusamehe."

Mzee alimshika Mama Edvina mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kihaya, "Kasinge, waitu." Mama Edvina alitoka nje kufuta machozi. Aliporudi, aliomba aruhusiwe kukagua na nyutro ya kinu.

Tangu siku hiyo, fundi wetu yeyote hupima nyutro kabla ya kumlaumu jirani. Mashine ile ya watoto haijazimika tena kwa sababu hiyo.

Sasa anarudi kwenye kibanja chake Kishanda. Tunaambiwa kipaza sauti cha kigangoni hukatika padre akifika katikati ya mahubiri, na baadhi ya waumini hawalalamiki. Yeye ameshaanza kuuliza hukatika upande gani wa kanisa.

Asante, Mama Edvina, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kushika bisibisi. Tunakutakia ustaafu wenye afya, migomba yenye mikungu mizito, na fumbo jipya kila utakapolitamani.