Sweta Iliyorudi Imefuliwa

Hivi wewe, serikali ikikuandikia kwamba mwanao yu hai, utathubutu kumzika? Usijibu haraka. Glafira Tihonovna ana miaka ishirini na sita hajajibu. Kila siku saa nne asubuhi, theluji iwepo isiwepo, anashuka ngazi za ghorofa tatu na kuketi kwenye benchi la mlango wa pili wa jengo letu, pembezoni mwa Novosibirsk, katikati ya wazee watatu waliokula mshahara wa taasisi moja: lile jengo la matofali nyuma ya reli, ambako jeshi lilitafuta watu wa kuona mbali bila macho. Antena alikuwa fundi umeme. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, alikuwa mlinzi wa geti. Innokenti Lvovich tunamwita Karani. Aliandika kumbukumbu za maabara, na hapa kijiweni kazi yake ni kumenya mbegu za alizeti na kunyamaza. Chai inatoka kwenye chupa ya Profesa, nyepesi kiasi kwamba ukiimimina juu ya gazeti bado utasoma habari.

Siku moja ya Aprili alikuja mleta barua mpya, Snezhana, na bahasha ya jeshi. Venya, mwana wa Glafira, alipotea vitani na helikopta yake katika milima ya Afghanistan. Mama akisaini kwamba mwanawe amefariki, jina la kijana litachongwa kwenye jiwe la kumbukumbu bustanini kabla ya Mei Tisa, sikukuu ya ushindi. Asiposaini leo, jiwe litasimamishwa bila yeye.

— Saini, mama, — alisema Snezhana. — Kalamu ninayo.

— Nisaini nini? Mwanangu kaonwa.

— Kaonwa na nani?

Hapo ndipo wanaume walipoamka.

— Kaonwa kitaalamu, — alisema Profesa. — Wewe mtoto wa juzi, hujui. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja, ukimpa kitu cha mtu, anakwambia mwenyewe yuko wapi. Nilikuwa namfungulia geti kwa mikono yangu hii.

— Kufungua geti nako utaalamu? — Antena akamdaka. — Mimi nilivuta nyaya ghorofa ya tano, bwana. Kanali alikuwa anaikodolea sindano ya dira mpaka inageuka.

— Iligeuka?

— Aligeuka kanali. Shingo ikakataa kurudi. Lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha shingo?

— Nyamaza, mlinzi! Halafu wakaletwa walalaji. Watu kumi na wawili, wanalala kwa zamu, wanawatumia Wamarekani ndoto mbaya.

— Hilo kweli, — alisema Profesa, ambaye hakubali kuachwa nyuma hata kwa uongo. — Jenerali wao mmoja akaamka anaomba supu ya kabichi. Kwa Kirusi! Ndiyo maana walificha. Mficha uchi hazai.

Methali ile ilikuwa imepotea njia, ila hakuna aliyejisumbua kuisindikiza.

Glafira hakucheka. Alitoa kotini karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu, akaisoma bila kuitazama.

— "Mhusika yu hai. Amelala kando ya kijito. Pana daraja la mbao lililopinda na miti mitatu mirefu." Muhuri huu hapa. Wanajeshi wakaacha milima mingine yote, wakaenda kwenye kijito kama hicho, wakatafuta siku nne. Hawakumkuta. Sawa. Mtu aliye hai anatembea.

— Na kwako walichukua nini, mama? — aliuliza Snezhana.

— Sweta yake. Sikuwa nimeifua, mwanangu. Nilikuwa nalala nimejifunika nayo usoni. Nikawapa. Wakanirudishia imefuliwa, imepigwa pasi, imefungwa kwa utepe. Utaratibu, wakasema. Mali ya raia hurudi safi.

Profesa akamwaga chai yake kwenye theluji.

— Samahani, mimi sikusoma sana, — alisema Snezhana. — Huyo mama alipoyasema hayo ya kijito, kati yenu ni nani alimsikia?

Profesa alitazama upande wa reli, kana kwamba geti bado liko pale linamwita. Antena alikagua kucha zake. Maganda ya alizeti yaliacha kuanguka.

— Chumbani tulikuwa wawili, — alisema Karani.

— Kunywa chai, Karani, — Antena akamwambia, haraka mno.

— Yule mama aliishika ile sweta saa nzima. Akasema, "Sioni kitu, ndugu. Nasikia tu harufu ya kijana." Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba haoni. Kulikuwa na hai, maiti, maji, miti. Na robo ya mwaka inaisha. Mpango ulitaka maono kumi na mawili, sisi tuna kumi na moja.

Glafira aligeuka polepole.

— Innokenti Lvovich. Tumekaa benchi hili miaka mingapi, mimi na wewe?

— Kumi na tisa.

— Na kijito ni cha wapi?

— Kijijini kwa bibi yangu. Daraja lile ndilo nililovunjia jino utotoni. Nilidhani watasoma, watatia kwenye faili, basi. Nani angejua kwamba na kule milimani lipo daraja lililopinda?

— Na sweta?

— Niliipeleka kwa dobi mimi.

Snezhana alikuwa bado ameshika kalamu hewani. Glafira hakuichukua, wala hakuisukuma.

— Sema vizuri, — alimwambia Karani. — Masikio yangu mazee.

Karani alisimama, akavua kofia, upara wake mweupe kama yai lililomenywa.

— Hakuna aliyemwona, Glafira Tihonovna. Ni mimi niliyemwandika hai.