Mama Koleji na Shahada Aliyoikataa

Leo, Ijumaa tarehe 28, dada yetu mkubwa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dawati la kulinganisha vyeti vya nje. Jina la Mama Koleji tulimbandika sisi wa masjala, tuliochoka kumsikia akimwambia kila mgeni kwamba huwezi kuipima koleji mpaka ujue ni ya nchi gani.

Somo lake tumelikariri. Mmarekani akisema yuko koleji, huenda anasomea shahada kamili. Mkanada, mara nyingi ni stashahada ya ufundi. Uingereza, koleji yaweza kuwa ya vijana wa miaka kumi na sita, au ikawa sehemu ya chuo kikuu chenyewe. Australia hata sekondari huitwa hivyo. Mkurugenzi mmoja alimwomba alieleze kwa dakika tano mkutanoni. Chai ilipoa, watu wakaangalia saa, naye bado yuko Kanada.

Lakini hakuzaliwa na ujuzi huo. Mwaka wake wa pili kazini, mwalimu mmoja alirudi kutoka Marekani na shahada ya hisabati. Cheti kilikuwa na jina la koleji, basi Mama Koleji akaandika kwamba hakijafikia shahada. Mwalimu akanyimwa kazi, akaishia kupima mbao katika duka la mjomba wake.

Miezi saba baadaye, akishughulikia jalada jingine la koleji ile ile, aligundua kosa lake. Angenyamaza, nani angejua? Mficha uchi hazai, alituambia kila mara. Alilibeba jalada mwenyewe hadi kwa mkuu wake, akapokea onyo la maandishi, kisha akamtafuta mwalimu na barua mpya mkononi.

Mwalimu aliipokea kwa upole. Alisema kazi ataipata tu, ila mama yake haongei naye, maana anaamini mwanawe alizurura ughaibuni miaka minne na kurudi na uongo. Mama Koleji akaomba apelekwe kwa mama huyo. Alikaa sebuleni kwake, akamweleza koleji za Marekani mwanzo hadi mwisho, kisha akakiri kwamba aliyekosa ni yeye. Mama mtu alimwita mwanawe, akamketisha karibu naye.

Tangu siku hiyo, dawati lake halijakataa cheti cha mtu kabla ya kumwita na kumsikiliza. Sababu hakutuambia kamwe. Tumeijua wiki iliyopita, mwalimu mwenyewe alipokuja masjala, mvi zimemjaa, kuomba viti viwili vya sherehe hii, akatusimulia yote.

Dada, tunakushukuru kwa moyo wote. Pumzika, ulee wajukuu, afya isikutupe mkono. Ila kabla hujaketi, geuka uangalie mstari wa tatu. Kikongwe yule mwenye fimbo, aliyeketi kando ya mwalimu wako, amesema hatoki humu mpaka akushike mkono.