Mbao Arobaini za Fundi Msasa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wasikilizaji wapendwa, tena mjinga mwenye maikrofoni. Nilikwenda karakana ya fundi seremala tuliyemwita Msasa, huyu tuliyemzika juzi. Nilikwenda kumtania. Mtu mzima na ndevu zako, nikamwambia, unawachongea watoto mchezo wa dadu ndio waache dawa za kulevya?

Alipuliza vumbi la mbao kwenye kigoda, akanikalisha kati ya wanafunzi wanne. Mchezo wenyewe ni ubao wenye njia ya miraba. Unarusha dadu, unasogea. Ukiangukia mraba mwekundu, jirani yako anakushawishi, nawe unamkatalia kwa sauti kabla hajahesabu hadi tano. Ukishindwa, unarudi mwanzo.

Nikaangukia mwekundu. Binti mmoja akanisogezea kifungo cha shati, eti ndicho kidonge.

"Anko, meza hiki, utatangaza hadi kesho bila kuchoka. Au mpaka umuulize mama watoto?"

Mimi mtangazaji, ninayekula kwa mdomo wangu, nikabaki kuchekacheka. "Haya, lete, nitameza baadaye."

"Tano," akasema. "Anko kaisha. Rudi mwanzo."

Msasa hakucheka. "Mdogo wangu aliyajua madhara yote," alisema. "Aliyaandika kwenye mtihani, akapata alama zote. Rafiki yake alipomwekea kidonge mkononi, akakosa la kumjibu." Mdogo wake huyo alikufa akiwa na miaka kumi na tisa. Narudia, kumi na tisa.

Basi Msasa akachonga mbao arobaini, akazipeleka shule ya mtaani kwetu. Mbao arobaini, bure. Kamati ya shule ikasema dadu ni kamari. Akaondoa dadu, akaweka vijikaratasi vya kuokota. Wakasema mchezo unataja vidonge, utawafumbua watoto macho. Nyuma ya ukuta wa shule hiyohiyo vidonge vinauzwa mchana kweupe, na muuzaji hajawahi kuitwa na kamati yoyote. Mbao zikafungiwa stoo. Miaka miwili sasa. Wanafunzi wakaletewa bango, na hotuba ya saa mbili juani.

Nina hasira, sifichi.

Kwa mjane wake, kwa binti yake, kwa mafundi wenzake: poleni sana. Nawe unayenisikiliza, mtazame mwanao hapo alipo. Amewahi kukataa kwa mdomo wake mwenyewe, au amehubiriwa tu?

Kule makaburini mwenyekiti wa kamati alimsifu marehemu dakika ishirini nzima. Akaahidi kuwa ukumbi wa shule utapewa jina lake. Binti wa marehemu, bado ana udongo mikononi, akamsogelea.

"Mzee wangu, jina la baba tutabaki nalo. Tunaomba ufunguo wa stoo."

"Mwanangu, kuwa na subira. Kamati itakaa."

"Mwenye subira alikuwa baba, mzee wangu. Ndiye huyu tumemzika."