Dada Pasi, Mpiganaji Aliyeandikiwa Kucheza Peke Yake

Ndugu waombolezaji, tumekuja kumkabidhi dada yetu kwa Mungu aliyemuumba. Kabla hatujamkabidhi, familia inaomba mtusikilize kwa utulivu, maana kuna habari yake moja iliyoandikwa vibaya na watu wengine, na haifai azikwe nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, saa mbili asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, chumba namba kumi na nne. Mama yetu, ambaye alikuwa mfagizi wa wodi, alikuwa amekwisha vaa sare ya kwenda zamu uchungu ulipomshika. Marehemu alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne, na alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Mama husimulia kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi zote mbili, na mkunga alipojaribu kuzikunjua akashindwa, akasema, "Huyu kaja na kesi yake."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1988. Alipata daraja la tatu, jambo ambalo hakulificha wala kulitangaza. Shuleni hapo ndipo alipoijua karate. Mwalimu wa hesabu, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, alikuwa akiifundisha bwaloni baada ya meza kusogezwa ukutani. Marehemu alikwenda akitaka kupigana siku hiyohiyo, ikiwezekana na kaka yetu. Mwalimu akamsimamisha peke yake kwenye kona, akamwambia ajifunze kwanza kugeuka. Muhula ulipoisha mama alimuuliza amefundishwa nini. Akajibu, "Kugeuka." Mama akasema, muhula mzima? Akasema ndiyo, na bado hajajua.

Mwezi Januari 1991 aliajiriwa hospitalini kuwa dobi, na hapo alidumu miaka thelathini na mitatu, kumi na minane ya mwisho akiwa msimamizi. Wanaoijua ile nyumba ya kufulia wanajua mvuke wake, kelele zake, na ile mashine ndefu ya kupigia pasi shuka ambayo inahitaji watu wawili wa kulisha na wawili wa kupokea. Yeye alikuwa akipokea peke yake. Jina la Pasi alipewa humo, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu suruali yake ya karate aliinyosha hadi wenzake wakasema inaweza kwenda mazoezini bila yeye.

Sasa tufike kwenye lile jambo.

Marehemu alichaguliwa timu ya taifa mwaka 1995. Miaka mitatu mfululizo hakuna mwanamke wa uzito wake, chini ya kilo sitini, aliyemshinda katika mapigano hapa nchini. Mwaka 1998 akapelekwa kwenye michezo mikubwa ya bara, ile yenye riadha, kuogelea, ndondi na mingineyo, kila nchi ikiingia uwanjani nyuma ya bendera yake. Karate yetu ilipeleka wachezaji watatu na viongozi saba. Kocha aliyemfundisha aliachwa nyumbani, nafasi yake ikachukuliwa na shemeji wa mwenyekiti wa chama cha karate, ambaye aliandikwa kuwa daktari wa timu. Shemeji huyo alikuwa muuza vipuri vya pikipiki. Na kwa kuwa timu lazima iwe na kocha, Katibu wa chama akajiandika yeye.

Kwa wasioujua mchezo huu, karate ya mashindano ina milango miwili. Mlango mmoja ni kumite, yaani mapigano, watu wawili na mwamuzi katikati. Mlango mwingine ni kata. Huko mchezaji anasimama peke yake na kupiga hewa kwa mpangilio maalumu, kisha waamuzi watano wanainua vibendera kuonyesha nani kati ya wawili kafanya vizuri zaidi. Mtu wa kumite na mtu wa kata ni kama mkimbiaji na mruka juu. Wote ni wanariadha, lakini hubadilishi mmoja kwa mwingine asubuhi ya shindano. Katibu alikuwa kiongozi wa karate kwa miaka kumi na mmoja wakati huo. Fomu ilikuwa na visanduku viwili mbele ya jina la marehemu. Akatia alama kwenye kata.

Marehemu aliligundua jambo hilo mwenyewe, jioni ya kuamkia shindano, akisoma orodha iliyobandikwa ukutani. Kwenye mapigano jina lake halikuwemo. Kwenye kata lilikuwemo, Alhamisi tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi. Kanuni ziliruhusu kocha kupeleka malalamiko kabla ya saa mbili asubuhi, na kocha peke yake. Kocha, yaani Katibu, akatafutwa. Alipatikana Alhamisi hiyo saa tatu na nusu, akishuka kwenye teksi na mapazia aliyotoka kununua. Marehemu alipomweleza, aliitazama fomu, akamtazama yeye, akauliza, "Si yote ni karate?"

Familia imeishi na swali hilo miaka ishirini na sita, na bado hatujapata tusi zito kuliko hilo. Mtu anaweza kuuza samaki miaka kumi na mmoja bila kumjua samaki, lakini huyo kwa kawaida hapewi koti la taifa na kiti cha mbele.

Kisha akaja mkuu wa msafara. Yeye hakuuliza nani amekosea, aliuliza nani ameshajua. Akamshauri marehemu aseme anaumwa tumbo, ili aibu isionekane.

"Tumbo langu ni zima," marehemu alimjibu. "Inayoumwa ni fomu."

Akaingia. Alijua kata tatu tu, na wenzake walikuwa wakifanya kata maisha yao yote. Alichagua ile ya kwanza kabisa, inayofundishwa wanaoanza, kwa sababu ndiyo aliyokuwa na uhakika nayo hadi kwenye visigino. Kwenye viti vya watazamaji watu walicheka. Mpinzani wake alifanya kata ndefu yenye kuruka. Vibendera vinne vikainuliwa kwa mpinzani na kimoja kwake. Aliinamisha kichwa kwa waamuzi, akatoka.

Hilo lingeisha hapo, maana binadamu hukosea. Lakini waliporudi, chama kiliandika ripoti. Ndani yake kuna sentensi hii, ambayo familia inayo nakala yake: "Mchezaji wa kike wa kilo sitini alikataa kupigana kwa woga." Kwa sentensi hiyo alifungiwa miaka miwili, na kazini mpishi wa hospitali akaanza kumwita Mheshimiwa Woga, hata alipokwenda kuchukua chai tu. Kila mwezi wa Januari, kuanzia 1999 hadi 2024, marehemu aliandika barua kwa chama akiomba sentensi ile isahihishwe. Hakuomba medali, wala safari, wala kuombwa radhi hadharani. Alijibiwa mara moja, mwaka 2007, kwamba suala lake linashughulikiwa. Katika muda huo chama kiliweza kununua mihuri mipya mara mbili, kubadili nembo, na kumpandisha Katibu yuleyule kuwa Rais.

Kifungo chake kilipokwisha hakurudi timu ya taifa. Alifundisha, siku tatu kwa juma, katika ukumbi wa kanisa, wauguzi, madobi na watoto wa mtaa. Wote waliofika aliwaanzisha kwenye kugeuka.

Tarehe 12 Mei 2001 alifunga ndoa takatifu na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali yetu. Shemeji yetu huyo alikuwa amemposa kwa namna yake ya pekee. Kwa miezi minne alikuwa akileta shuka ya gari lake kufuliwa kila siku, hata siku ambazo hakubeba mgonjwa. Siku moja marehemu alimwambia, "Baba, shuka hii sasa inafuliwa kuliko inavyolaliwa. Sema shida yako." Akaisema. Madereva wenzake walimtania kwamba akichelewa kurudi nyumbani atakula teke. Alikuwa akiwajibu kwamba yeye ndiye mwenye gari la wagonjwa, atajipeleka. Mungu aliwajalia mtoto wa kike na wa kiume.

Mwezi Agosti 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa katika wodi ambayo shuka zake alizifua yeye. Wauguzi ni mashahidi kwamba mara mbili alishuka kitandani na mpira wa dripu mkononi kuwaonyesha vijana namna ya kukunja kona za shuka. Alisali kila asubuhi, na alipokea Meza ya Bwana kila mchungaji alipokuja.

Mwezi Novemba mwaka jana Rais wa chama alimtembelea, akiwa na maua na mpiga picha. Mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwepo. Marehemu alimwomba Rais jambo moja, kwamba kabla hajaondoka aandike kwa mkono wake kwenye karatasi kwamba fomu ilikosewa. Kalamu ilikuwa juu ya kabati.

Rais alitabasamu. "Dada yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele hii unayoiona kitandani ni yangu, na nimeikubali," marehemu alisema. "Hiyo nyingine ni yako. Usiniachie."

Akamwachia maua.

Marehemu alilala mauti Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Juzi chama kilileta ujumbe. Kiliomba dakika kumi za kumsifu "shujaa wetu", na kuomba jeneza lifunikwe bendera ya chama. Kikao cha familia kilikuwa kirefu. Baba mdogo alisema msiba hauna adui, na ni kweli. Wengine walisema tupokee tu, watu wasije wakasema tuna kinyongo. Mwishowe mama, ambaye ana miaka sabini na tisa, aliuliza iwapo wameleta ile karatasi. Akaambiwa hapana. Akasema, "Waliomwita mwanangu mwoga wamfunike wao? Nimemzaa mimi, nitamfunika mimi." Ndiyo maana leo mnaona shuka nyeupe. Wenzake wa kufulia waliipiga pasi jana, wanne, kwa zamu.

Tumewasamehe, kwa sababu tumeamriwa kusamehe. Lakini kusamehe si kutia sahihi kwenye uongo. Basi, kwa kuwa chama kimeshindwa kwa miaka ishirini na sita, familia inaisahihisha ripoti hiyo yenyewe, katika nakala mia nne za ratiba mlizo nazo mikononi. Sentensi sahihi ni hii: Tarehe 17 Septemba 1998, mchezaji wa kike wa kilo sitini aliandikwa kimakosa na Katibu wake katika shindano lisilo lake, akaambiwa ajifanye mgonjwa, akakataa, akaingia ulingoni na kucheza mpaka mwisho.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, mwana mmoja, kaka mmoja, wadogo wawili, baba mdogo, mashangazi watatu, wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu, na wafanyakazi wote wa nyumba ya kufulia.

Viongozi wa chama tunawaona, safu ya mbele, kwenye viti walivyovifikia kabla ya wafiwa. Hawatapewa dakika kumi. Wakati wa kutia udongo wanakaribishwa kama mtu mwingine yeyote, na udongo upo wa kuwatosha. Bendera warudi nayo.

Mungu mwenye kujua kila jina na mahali pake ampe dada yetu pumziko la amani. Amina.