Marehemu Aliyependeza Kupita Mshahara Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa nne wa baba fundi viatu na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Walikaa vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na ukutani, badala ya picha, mama yake alibandika karatasi za maua zilizofungiwa bidhaa madukani. Alipokuwa na miaka sita alikuja mgeni, akazitazama kuta zile, akauliza, "Hizi mmezitoa wapi?" Swali hilo lilimwandama marehemu maisha yake yote, na wasifu huu umeandikwa kulijibu. Aliyeuandika, na anayeusoma sasa hivi akiongeza maneno pale inapobidi, ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye aliliuliza kuliko watu wote waliohudhuria hapa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Sare yake ilikuwa ya dada yake, imefumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani kuwa nje, ikashonwa upya. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akishuku kwamba amechukua sare ya mwenzake. Msichana hakulia. Alikunja pindo, akamwonyesha mshono wa zamani na herufi za jina la dada yake. Mwaka uliofuata alisomea ukarani na kupiga chapa, akafaulu vizuri.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya umma. Kwa wasiojua, masijala ni chumba cha majalada. Kila barua iliyoingia ofisini ilianzia mezani kwake: aliifungua, akaigonga muhuri wa tarehe, akaipa namba, akaiweka kwenye jalada lake, ndipo ikapanda ghorofani kwa mkubwa. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitano bila kupoteza karatasi hata moja. Ila kila Jumatano, saa ya chakula cha mchana, hakuonekana. Wenzake walinong'ona. Alikuwa soko la mitumba, kwa sababu siku hiyo ndipo yalipofunguliwa marobota mapya, na yeye aliweza kufumba macho akapitisha mkono kwenye lundo na kukwambia hii sufu, hii hariri, hii takataka.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979. Gauni lake la harusi liliwaacha watu midomo wazi. Wifi yake hakuridhika kutazama. Alilipapasa kwa vidole viwili wakati wa picha, akijiuliza karani wa masijala amepata wapi lesi ya namna ile. Miaka kumi baadaye ndipo aliambiwa kuwa ilikuwa kitambaa cha meza. Kwa siku ile alijijibu mwenyewe, na jibu alilojipa halikuwa zuri.

Tangu hapo hakutulia. Kila alipokwenda kwa kaka yake alikuta kitu kipya: mara kabati la mninga, mara taa ya shaba, mara mapazia mazito yanayofika sakafuni kama ya balozi. Kaka yake alikuwa dereva wa lori na mshahara wake ulijulikana na ukoo mzima. Na likizo ikifika, familia ilipanda treni ikaenda zake kulala nyumba za wageni, mama mbele na sanduku la ngozi, watoto nyuma na kofia za majani. Majirani wakamwita Maridadi. Walivyolitamka jina hilo, halikuwa sifa tupu.

Siku moja ya mwaka 1988 wifi yake alifika bila taarifa, akasimama nje ya dirisha la jikoni, akasikia marehemu akiongea na jirani yake, fundi cherehani.

"Nimempata, shoga yangu! Jumatano mchana."

"Wee! Ana hali gani?"

"Mtu mzima, lakini mabega bado yamesimama. Yule wa kwanza kamchoka, kamtupa. Nikasema huyu hanipiti."

"Na mume wako je?"

"Atamkuta tu. Kwanza nimfiche kwako wiki moja nimsafishe. Ananuka, maskini!"

Wifi yake hakubisha hodi. Alirudi nyumbani, akaketi na kalamu. Aliandika kwa mkubwa wa ofisi kwamba karani wake wa masijala anaishi kupita kipato chake, kwamba ama anaiba mali ya ofisi, ama ana mwanamume wa pembeni anayefichwa kwa fundi cherehani, ama yote mawili. Hakutia jina. Kwa ujanja wake hakuandika "siri" juu ya bahasha, asije akavuta macho ya watu. Lakini barua yenye neno hilo ilipanda kwa mkubwa bila kufunguliwa. Isiyo nalo ilifunguliwa masijala.

Baada ya wiki tatu marehemu alimpelekea wifi yake ujumbe: "Njoo Jumamosi, wifi, nina wageni, unisaidie chai." Wageni wenyewe walikuwa wakaguzi wawili kutoka ofisini, wamekuja kutazama mali zake. Wifi yake alijua fika waliitwa na nini, akamwaga chai kwenye sahani mara mbili. Marehemu aliwatembeza chumba hadi chumba kama mwenye nyumba anayetambulisha ukoo. Kabati lilitupwa na hoteli iliyofungwa, akalipiga msasa na vanishi mwezi mzima. Mapazia yalikuwa mablanketi, yametiwa rangi. Kisha akafungua kabati, akatoa koti la sufu la kiume, kubwa, la rangi ya majivu.

"Na huyu," akasema, "nimempata juzi juzi tu. Ana miaka kama arobaini. Alikuwa ananuka dawa ya nondo, nikamficha kwa fundi. Ni wa mume wangu, siku ya kuzaliwa kwake."

Mkaguzi mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, sasa koti ni huyu?"

"Akishaingia kwangu ni mtu," akajibu. "Vitu nilishaviona vingi."

Ndivyo alivyozoea kusema siku zote, na wifi yake, aliyekula kwake miaka tisa, hakuwahi kumsikiliza vya kutosha kulitambua hilo. Wakaguzi waliandika kwamba hana kosa. Hata hivyo nafasi ya mkuu wa masijala, iliyokuwa yake mwaka ule, alipewa mwingine, kwa sababu jina likishasemwa halirudi lilivyokuwa. Aliisubiri miaka sita. Kaka mtu naye aliisikia habari ya mwanamume, akalala sebuleni mwezi mzima. Alilivaa lile koti baadaye sana, bila kusema pole.

Wifi yake aliona aibu, lakini shaka haikumwisha, ilihama tu. Sasa alitaka kujua safari zinalipiwa na nani. Mwaka 1994 alijialika. Walifika nyumba moja ya wageni karibu na ziwa, msimu ambao hakuna mtu, wakapewa chumba chenye roshani, na mwenye nyumba akaleta furushi la mashuka yaliyochanika na mapazia yasiyo na pindo. "Hiyo ndiyo nauli yetu ya kulala," marehemu akasema, akampa sindano. Wifi yake alipinda mashuka kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Alirudi na kidole kimevimba, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mwezi Januari 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo. Alikwenda wodini na foronya zake mwenyewe za hariri, na wauguzi wakaulizana, kama kawaida, zimetoka wapi. Wifi yake alikuwa akimwuguza siku za Alhamisi. Alasiri moja ya Julai mwaka jana, mgonjwa alimshika mkono.

"Wifi, wasifu wangu uandike wewe."

"Acha maneno hayo, wifi yangu. Utapona."

"Uandike wewe. Mwandiko wako naujua. Hiyo K yako yenye mkia naijua tangu themanini na nane. Niliigonga muhuri mwenyewe."

Wifi yake aliketi ukingoni mwa kitanda. "Ulijua? Miaka yote hii? Mbona hukuichana tu?"

"Nichane barua ya ofisi? Hapo ndipo ningekuwa mwizi kweli."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja tena kwangu? Wanangu wangekuwa na shangazi gani?" Akajiinua kidogo kwenye mto. "Sikukuchukia, wifi. Lakini uliniumiza. Jina langu ulilichafua kwa maandishi, lisafishe kwa maandishi. Na usome kwa sauti, kaka yako asikie."

Alifariki tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Jana mchapaji wa karatasi hizi alimpigia simu wifi yake, akamwuliza kama ana uhakika na kipande hiki. Akamwambia achape.

Kwa hiyo na isikike. Barua ile haikuandikwa na mtu wa ofisini, wala jirani, wala fundi cherehani, ambaye watu walimnyooshea kidole miaka mingi bila hatia. Iliandikwa na wifi yake. Marehemu hakuiba hata pini ya karatasi. Hakuwa na mwanamume mwingine. Alikuwa na macho ya kuona na mikono isiyochoka, basi. Wapo hapa mstari wa nyuma ambao tangu asubuhi wanaipapasa bitana ya jeneza kwa vidole viwili. Aliishona mwenyewe mwezi Juni, kutokana na gauni la mtu asiyemjua. Swali limekwisha.

Ameacha mume, binti, mwana wa kiume na wajukuu wanne. Ameacha fundi cherehani, rafiki yake wa miaka arobaini. Ameacha na wifi, ambaye alikuwa na miaka thelathini na mitano ya kusema samahani, na anaisema leo mbele ya mtu asiyeweza kumjibu, na mbele ya kaka aliyeketi hapa mbele ambaye ameyasikia haya sasa hivi na hajainua uso. Kaka, ulilala sebuleni kwa uongo wa dada yako.

Apumzike kwa amani, na sisi midomo yetu imwache apumzike.