Pointi ya Saba

Ndugu zangu wa kambi hii ya askari, tulieni, leo sikusimama kuuliza swali. Najua mnanicheka. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu, hata mchungaji akihubiri mimi nainua mkono. Leo nina la kusimulia.

Miezi mitatu iliyopita nilitoka hapa Jinja kwenda Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Asubuhi hiyo tumbo liliniuma hapa, kwenye kitovu. Nikapanda gari hivyo hivyo. Nilipofika, mama mkwe akaniwekea malewa, yale machipukizi ya mianzi kwa mchuzi wa karanga. Nawaambia, harufu tu ilinishinda. Lakini mkwe mgeni anakataaje chakula cha kwanza? Nikamaliza sahani. Akaongeza. Nikamaliza.

Kesho yake maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, natembea nimejikunja. Baba mkwe akanipeleka hospitali, akasimama kando ya kitanda.

Musawo, yaani daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akachukua karatasi. Kila dalili ya kidole tumbo ina pointi zake. Maumivu yamehama: moja. Kulia panauma nikibonyezwa: mbili. Akiachia mkono ghafla naruka: moja. Damu ikapimwa, chembe nyeupe zimepanda: mbili. Sikutapika, sikuwa na homa.

"Hamu ya chakula?"

"Ipo, musawo. Jana nilikula sahani mbili."

Baba mkwe akatabasamu. Musawo akajumlisha.

"Basi ni sita. Ingekuwa saba, tungekupasua leo. Kwa sita, tunakulaza na kukuangalia."

Nikaanza ubishi wangu. "Nani aliamua sita ni kusubiri na saba ni kisu?"

"Swali zuri," akasema. "Lakini karatasi hii inajua tu unachoiambia."

"Mwache, musawo," baba mkwe akacheka. "Sisi Wagisu hutahiriwa tumesimama; hawa Wasoga wakisikia kisu wanageuka mawakili!"

Alinipata. Mimi ninayehoji kila kitu, ile sita sikuihoji moyoni. Niliipenda, kwa woga.

Musawo alikuwa Mgisu, anazijua meza za kwao. Akainama. "Kijana, jana ulikula kwa njaa au kwa heshima?"

Nikamtazama mzee. Nikisema kweli, nimeidharau sahani ya mkewe, pengine na mke nimemkosa. Nikidanganya, nabaki na sita yangu na tumbo langu.

"Kwa heshima, musawo. Tangu jana asubuhi hata chai siitaki."

Akaandika saba.

Mzee alinishika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. "Aliyemaliza sahani mbili akiwa hivi," akasema, "huyo ni mtoto wangu."

Daktari aliyenipasua alinieleza baadaye kwamba kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka.

Namshukuru musawo yule, na mikono iliyonishona. Namshukuru afande wa redio aliyefikisha habari hapa kambini, nanyi mlioniombea. Kovu hili naringa nalo. Maswali sitaacha, mchungaji anisamehe, ila sasa naanza kujihoji mwenyewe. Nanyi mkiulizwa na musawo, semeni ya tumboni, msiseme ya mezani.

Harusi ni Jumamosi, Nabuyonga. Mama mkwe anapika malewa. Safari hii nitakula kwa njaa.